Sambuca huja baada ya kahawa

Ndugu, umesema mgeni alikuletea zawadi ya chupa ya sambuca, ile pombe tamu ya Kitaliano, ukaionja hivi hivi ikiwa vuguvugu, ukaona ni dawa ya kikohozi tupu. Sasa rafiki yako anakushauri uiwashe moto kwanza ndiyo itanyweka. Acha nikujibu kwa kirefu, maana pombe hii nimeimimina kwa mikono yangu miaka mingi: mwanzo kwenye mkahawa wa Mtaliano kwetu Malindi, halafu miaka sita kwenye kibaa kidogo karibu na bandari ya Civitavecchia kule Italia, na pale ndipo kwao sambuca.

Nianze na moto kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Usiiwashe. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya sambuca haipungui asilimia 38 ya kilevi, kwa hiyo inashika moto kweli, na mwali wake ni wa buluu hafifu. Penye mwanga huuoni kabisa. Tukiwa Malindi, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mteja, mwenzangu alidhani glasi imeshazimika akaiongezea kutoka kwenye chupa. Moto ukapanda na ule mchirizi, ukamrukia mkononi. Alifungwa bendeji wiki kadhaa, na kovu analo hadi leo. Hata mkono ukisalimika, ukingo wa glasi unakuwa wa moto na midomo inaungua. Wapo wanaoiwasha kwa sekunde chache ili punje za kahawa zilizoelea juu zikaangike, kisha wanafunika kwa kisahani moto ufe na kungoja glasi ipoe. Kule Civitavecchia walioniomba hivyo walikuwa abiria wa meli za kitalii. Wazee wa mji hawakuniomba hata siku moja.

Wale wazee ndio walionifundisha. Mji wao una haki ya kujivunia: Luigi Manzi alianza kuuza sambuca yake hapo mwaka 1851, na mwaka 1945 Angelo Molinari naye akaanza kutengeneza yake, ambayo ndiyo utaikuta kwenye rafu nyingi duniani. Kwao si pombe ya kukaa nayo jioni nzima. Mtu anamaliza chakula, anakunywa kahawa, halafu anaagiza toti moja. Wana na jina lake, ammazzacaffè, yaani kiua kahawa. Siku ya kwanza nilipojaribu kwa mpangilio huo nilikumbuka kwetu: kahawa chungu ya kwenye dele, kikombe kidogo, na kipande cha kashata au halua pembeni. Uchungu unatangulia, utamu unafuata, na kila kimoja kinakifanya kingine kiwe kitamu zaidi. Ukiila halua peke yake, kijiko baada ya kijiko, itakukinaisha. Chupa yako nayo imekukinaisha kwa sababu hiyo hiyo.

Ina sukari nyingi kuliko unavyofikiri. Sheria inataka angalau gramu 350 kwa lita, kwa hiyo toti ya mililita 40 ina gramu 14, zaidi ya vijiko vitatu vya chai. Mwenye kisukari asidanganywe na kuwa kwake angavu kama maji. Na ile harufu iliyokukumbusha dawa ni ya mafuta ya anisi, mara nyingi kutoka kwenye kile kiungo chenye umbo la nyota ambacho Wahindi wetu hutia kwenye biriani.

Njia ya kwanza nitakayokupa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Tia toti kwenye glasi ndogo, dondoshea punje tatu za kahawa iliyokaangwa. Wataliano wanaiita con la mosca, "yenye nzi", kwa sababu punje zinaelea kama nzi walioangukia humo. Tatu ni za afya, furaha na ustawi, na idadi lazima iwe witiri; ukiweka mbili mzee wa Civitavecchia atakurudishia glasi. Usizimeze wala usizitupe. Piga funda dogo, tafuna punje moja taratibu, piga funda jingine. Ule uchungu mkavu unaukata utamu pale pale ulimini.

Ya pili ni kuitia ndani ya kahawa yenyewe: espreso fupi, sambuca kijiko kimoja au viwili, bila sukari kabisa. Hiyo ni caffè corretto, kahawa iliyosahihishwa. Wavuvi walikuwa wakiinywa wamesimama kaunta, alfajiri, kabla sijamaliza kufuta meza. Kama huna mashine, kahawa nzito ya dele inafaa sana. Ya unga wa kukoroga haifai, uchungu wake ni mwepesi mno kwa utamu huu.

Kwa joto la pwani jaribu maji. Weka barafu, mimina sambuca, ongeza maji baridi mara mbili au tatu yake. Itageuka nyeupe kama tui, usishtuke. Mafuta ya anisi yanayeyuka kwenye kilevi lakini hayapatani na maji, kwa hiyo kilevi kikipungua nguvu yanajitenga kuwa matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Ouzo ya Wagiriki na araki ya Walebanoni hufanya vivyo hivyo. Kamulia ndimu kidogo. Mimi niliwahi kujaribu na juisi ya embe nikaimwaga. Utamu juu ya utamu.

Mke wangu hanywi toti, lakini kijiko kimoja juu ya aiskrimu ya vanila, na vumbi la kahawa iliyosagwa likinyunyizwa juu, hakosi kuomba.

Hiyo chupa ihifadhi kabatini, kifuniko kikazwe. Ukitaka iwe baridi iweke kwenye friji kabla ya kuinywa. Ikitia ukungu humo haijaharibika, ni yale mafuta tu yameanza kuganda. Itoe nje ipate joto la chumba na itang'aa tena. Jumapili, mkishakula, chemsha kahawa kwanza. Kisha uniandikie hapa hapa unieleze zile punje tatu zilikuwaje.