"Wenyewe Wameandika"

Juzi usiku mmoja wenu kaniletea tafsiri ya habari ya mafuriko ya nchi ya watu. Sentensi ya kwanza: "Serikali imeshindwa." Nikamuuliza, kwa mujibu wa nani? Akanitazama kama niliyemuuliza jina la babu yake wa saba. "Wenyewe wameandika, kaka."

Wenyewe nani? Basi nimekaa kitako kuwaandikia nyinyi mnaotafsiri habari za nje, na kahawa yangu imeshapoa.

1. Hukumu ya mwandishi msiifanye habari. Mwandishi wa nje akishuka kwenye maafa ana siku mbili tatu na mkalimani. Anachokiona ni waziri aliyechelewa na mama anayelia. Jirani aliyetia mtumbwi majini usiku hamuoni, maana kazi yake ilikwisha kabla ndege haijatua. Kimbunga Nargis kilipopiga Myanmar mwaka 2008, vyombo vya nje viliwaandika sana, na kwa haki, wanajeshi waliokawia kuwaruhusu waokoaji wa nje. Watawa na watu wa Yangon waliojaza mchele kwenye magari yao wenyewe, mara nyingi walitajwa chini huko. Na nyinyi mkifupisha, mnakata kutoka chini.

2. Angalieni kitenzi. New Orleans, Marekani, 2005, kimbunga Katrina, maji ya kifuani, picha mbili kutoka mashirika mawili: kijana mweusi "kapora" duka, weupe wawili "wamepata" mkate. Vitenzi kama hivyo mnaviingiza Unguja kila siku bila kupita forodha.

3. Tarakimu ina mwenyewe. Asilimia 90 ya Beira, mji wa Msumbiji, baada ya kimbunga Idai, Machi 2019, ilikuwa makisio ya mwanzo ya Msalaba Mwekundu: "kuharibika au kubomoka". Paa lililong'oka bati mbili nalo limo humo. Msiandike "mji umefutika".

4. Jina la mahali. Hapa naomba mnistahamilie.

Aprili ya mwaka huo huo, tarehe 25, kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Jumapili ya tarehe 28 mvua kule ikawa haisemeki. Mimi niko zamu ya usiku, peke yangu, mhariri kaenda kula. Ikaingia habari ya nje: Pemba mafuriko, nyumba zimeanguka, misaada imekwama. Mimi mtoto wa Wete, kisiwani Pemba. Macho yaliposhika neno Pemba, mengine sikuyasoma. Nikampigia bimkubwa: hapatikani. Nikapiga tena: hapatikani. Ushahidi ukatimia! Nikaongeza kwa mkono wangu, "Mawasiliano na kisiwa yamekatika." Habari yao haikutaja kisiwa hata mara moja, kisiwa nilikitia mimi. Kisha, kwa vile walisema misaada imekwama, nikaandika kuwa serikali imechelewa kuwafikia wananchi. Serikali ipi? Nilimbebesha sheha wa Wete mvua ya Msumbiji.

Ikasomwa hewani. Robo saa haijafika, simu ya ofisini ikawa haipoi. Mmoja analia, mmoja anatukana, mmoja yuko Chake Chake anauliza maji yenyewe yako upande gani ili ahamishe mbuzi. Saa nne bimkubwa akapiga. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji tu.

"Nasikia nimezama," akasema. "Mbona unga wangu mkavu?" Akanyamaza kidogo. "Nani kaandika?"

Na mimi nikanyamaza.

"Ndo wewe."

Pemba ile ni mji, makao makuu ya Cabo Delgado. Na hilo nilikuwa nalijua, nililisoma skuli. Kulipokucha, masahihisho yameshasomwa, bado watu wako Malindi, bandarini hapa Unguja, wanaulizia boti.

Sasa hili huwa silisemi. Masahihisho yalikuwa mstari mmoja: si Pemba yetu. Chumba kizima kikacheka, tukashusha pumzi, habari ikatupwa. Lakini kule nyumba zilikuwa zimeanguka kweli, na pwani ile wapo watu wanaosema Kimwani, ukikaa nao maneno mengi unayashika bila mkalimani. Tungetafuta mmoja kwa simu, atwambie nani alifika kwanza mlangoni kwake, jirani au serikali. Hakuna mwandishi wa nje ambaye angeweza kumuuliza kama sisi. Hatukujaribu. Wenyewe walikuwa wameshaandika.

5. Saa za waandishi wa nje zinaanza usiku wa manane, zetu alfajiri. Hesabuni kabla ya kuandika "asubuhi".

6. Wazee wenu wanunulieni simu zinazokaa na chaji.

Na wewe wa juzi, karatasi yako iko mezani kwangu, nimeizungushia sentensi ya kwanza. Njoo na jina la aliyesema, na kahawa ya moto.