Mbwa aruhusiwe makaburini? Daktari wa mifugo anajibu

SWALI: Daktari, habari yako. Baba yetu alizikwa Lang'ata mwezi wa Aprili. Mbwa wake, mwenye umri wa miaka tisa, amekuwa mnyonge tangu wakati huo na chakula anakionja tu. Juzi tulienda kupalilia kaburi tukaandamana naye, lakini askari wa langoni akatukatalia, akasema mbwa haingii makaburini. Je, kuna sababu ya kitaalamu? Na je, angejua kwamba baba yuko pale? Msomaji, South B.

JIBU: Poleni sana kwa kufiwa, dada. Nitaanza na mambo ya lango.

Hofu inayotajwa zaidi ni kwamba mbwa atafukua maiti. Kwa mbwa wa nyumbani aliyefungwa kamba, hofu hiyo haina msingi. Kaburi lililochimbwa futi sita na kushindiliwa vizuri halifikiwi kwa makucha. Yanayofukuliwa ni makaburi mafupi, na dawa yake ni kuchimba ipasavyo.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni kinyesi. Mbwa wengi hapa Nairobi wana minyoo ya duara iitwayo Toxocara canis. Mayai yake yakitoka na kinyesi hayaambukizi siku hiyo. Huhitaji kati ya wiki mbili na nne kukomaa udongoni, kisha yanaweza kukaa hapo miaka, muda mrefu baada ya kinyesi chenyewe kupotea machoni. Mtoto akichezea udongo huo na kutia vidole kinywani, minyoo michanga hutoboa utumbo na kusafiri hadi kwenye ini, mapafu, hata jicho, na ikifika jichoni inaweza kumpofusha. Kuna pia minyoo ya safura ya mbwa, ambayo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa siku baada ya siku. Sasa fikiria mazishi yetu yalivyo: akina mama wameketi nyasini, watoto wamevua viatu, watu wanashika udongo kwa mikono mitupu na kuutupia jeneza. Bustani ya kawaida haina mguso wa namna hiyo na ardhi.

Lakini ukiangalia vizuri, hesabu hiyo hiyo inamtetea mbwa wenu. Kinyesi kikizolewa papo hapo, mayai hayapati nafasi ya kukomaa. Mbwa anayepewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu hutoa mayai machache mno, au hatoi kabisa. Hatari kubwa iko kwa mbwa koko wanaopenya uani usiku bila kuulizwa na askari yeyote, na ndio pia wanaobeba kichaa cha mbwa. Mpango wa taifa uliozinduliwa 2014 unataka vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo viishe ifikapo 2030, kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kumfukuza mbwa aliyechanjwa langoni hakuisogezi kazi hiyo hata hatua moja. (Ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.)

Mkojo nao una madhara, ila madogo. Chumvi na urea yake hukausha nyasi na kutia madoa kwenye marumaru. Mawe ya granaiti huvumilia zaidi.

Nje kuna mifano ya pande zote mbili. Arlington, makaburi ya kijeshi ya Marekani, hairuhusu mbwa isipokuwa wale wa kusaidia walemavu. Ng'ambo ya mto, mjini Washington, Congressional Cemetery ina chama cha wenye mbwa wanaolipa ada kila mwaka na kuonyesha vyeti vya chanjo, na wenye mbwa walichangia sana kuyaokoa makaburi hayo yalipokuwa yameachwa magugu yakatawala.

Lang'ata haiwezi kuiga hivyo tu. Ilitangazwa kuwa imejaa tangu 1996 na bado watu wanazikwa, kwa hiyo makaburi yamebanana na sehemu nyingi huwezi kupita bila kukanyaga kaburi la mtu. Mbwa akiachiliwa pale ni kuwakosea heshima wafiwa wengine. Na kwenye makaburi ya Waislamu, kama Kariokor, mbwa asipelekwe kabisa. Waislamu wengi wa hapa hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa, na mwili wake ukiwa na unyevu, kuwa najisi nzito inayooshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo.

Kwa maoni yangu, kaunti ingeandika sharti langoni badala ya kumwachia askari aamue: mbwa aingie akiwa na cheti cha chanjo na kamba fupi, siku za kazi asubuhi kabla mazishi hayajaanza, na mwenyewe azoe uchafu. Hadi hilo lifanyike, mtiini askari. Yeye hana njia ya kujua kama mbwa wenu amechanjwa.

Je, angemtambua baba? Pua ya mbwa hunusa mwili uliozikwa, ndiyo maana wapo wanaofunzwa kutafuta maiti. Ila harufu hiyo ni ya kuoza, si ile ya koti na mikono aliyoizoea. Sidhani angeelewa. Akikosa kuingia, msijilaumu kwamba mmemnyima kuaga. Koti la baba ambalo halijafuliwa, likiwekwa anapolala, litamfaa zaidi, pamoja na kula na kutembezwa saa zile zile ambazo baba alimzoesha.

Kinachonisumbua zaidi katika barua yako ni hiyo hali ya kuonja tu chakula tangu Aprili. Majonzi hupunguza hamu ya kula, lakini kwa mbwa wa miaka tisa Nairobi, mimi hufikiria kwanza homa za kupe, figo na meno. Inua mdomo wake utazame fizi: zikiwa nyeupe badala ya waridi, mpeleke kwa daktari leo. Hata zikiwa na rangi nzuri, apimwe damu wiki hii.