Mwacheni Mtoto Ahesabu kwa Vidole

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Makorora. "Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la kwanza. Ukimwambia nane jumlisha tano anainua vidole, anaanza moja, mbili, tatu, mpaka anachoka. Shuleni wameniambia nimkataze vidole, ati ndivyo vinavyomfanya mzito. Nikimkataza analia. Nifanyeje?"

Nilimjibu usiku uleule, ila kwa kifupi. Jambo hili liko moyoni mwangu siku nyingi, na najua wengi wenu mnaosoma hapa mnataka watoto wenu waipende hesabu, si waipite tu. Basi leo nalisema lote.

Mama, usimkataze. Vidole ndivyo vihesabio vya kwanza alivyopewa na Mungu, na hatavisahau nyumbani.

Nilianza kazi kwenye shule moja ya binafsi hapa Tanga, sitaitaja. Nilikuwa na ndoo ya visoda darasani. Nilivikusanya mwenyewe kwenye vibanda vya Ngamiani, nikaviosha kwa sabuni, nikavigonga kingo kwa jiwe kimoja kimoja ili visiwakate watoto. Tunatandika mkeka, kila mtoto na fungu lake: weka vitatu hapa, weka vinne pale, sogeza pamoja, hesabu. Walikuwa wanagombania kuanza.

Siku moja mkuu wa shule akapita na wazazi waliokuja kutafuta nafasi. Alipoviona visoda sakafuni akaniita ofisini, akaniambia wazazi hawalipi ada ili watoto wao wachezee takataka. Ndoo ikatupwa. Nikaletewa chati ya ukutani, moja jumlisha moja mpaka kumi jumlisha kumi, watoto waiimbe kila asubuhi. Wakaimba, tena vizuri, wageni wakapiga makofi. Lakini ukimshika mtoto mmoja ukamuuliza saba na nne, anaanza kuimba kuanzia saba na moja mpaka afike. Na ukimpa visoda saba na vinne mkononi, hajui kwamba ndiyo hesabu ileile anayoiimba. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu watoto wale walikuwa na akili, wakanyimwa vitu.

Niliondoka pale. Sasa nafundisha kibarazani kwangu jioni, na watoto wananijia mpaka kutoka Mikanjuni. Wengine waliokuja wakiitwa vichwa vizito leo wanasaidia dukani kwa mama zao na chenji haiwapotei. Najivunia, sitaficha.

Sasa hebu tuangalie huyu wa Makorora anafanya nini. Anapoanza kwenye moja, hana ujinga wowote. Yuko hatua ya kwanza: anahesabu vyote. Hatua ya pili ni kuanzia namba ya kwanza na kuendelea: nane, halafu tisa, kumi, kumi na moja. Ya tatu ni kuchagua kubwa hata kama imetajwa mwisho, kwamba mbili na saba anaanzia saba. Watoto wengi hupita njia hiyo, na wengine huifikia hatua ya tatu bila kufundishwa. Mwaka 1972 watafiti wawili, Guy Groen na John Parkman, walipima muda ambao watoto wa darasa la kwanza wanautumia kujibu hesabu ndogo za kujumlisha. Waliona muda unarefuka kadiri ile namba ndogo inavyokuwa kubwa. Maana yake watoto wale walikuwa wanaanzia kubwa na kuhesabu ndogo juu yake.

Kumtoa hatua ya kwanza kwenda ya pili natumia kikombe cha plastiki. Weka visoda vitano mbele yake, avihesabu mwenyewe. Vifunike. Weka vitatu nje ya kikombe, uliza vyote vingapi. Mara ya kwanza karibu kila mtoto anafunua kikombe achungulie, kisha anaanza moja. Mwache achungulie. Funika tena, badilisha vya nje tu, vya ndani vibaki vitano vilevile. Itafika mahali utaona mkono unakwenda kwenye kikombe, unasimama, anakigonga juu kwa kidole na kusema "tano", kisha anageukia vya nje: sita, saba, nane. Hapo ameamini kwamba tano ni tano hata asipoziona. Usimharakishe kufika hapo. Mpe vitu, mpe muda.

Hata mdako wanaocheza uani, wa kurusha jiwe na kuchota kokoto kishimoni, ni kuhesabu kutupu. Hela nayo inafaa, ila baadaye, maana sarafu moja ya mia haimwonyeshi mtoto mdogo mia yoyote.

Wazazi wenzangu, tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuhesabu kumetajwa humo kwa jina lake. Sasa kwa nini tumchape mtoto kwa kuhesabu? Kwa nini tumlinganishe na mtoto wa jirani mbele za watu? Mtoto anayeogopa jibu hatafuti jibu, anatafuta uso wako. Mpeni vitu. Nimesema, na nitasema tena: mpeni vitu.

Mama wa Makorora, kijana akishazoea kikombe, tafuta trei la mayai, kata mistari miwili yenye matundu matano matano. Hayo ni kumi. Ajaze nane, matundu mawili yabaki wazi, na visoda vitano viwe pembeni. Muulize anahitaji vingapi kuziba matundu. Achukue viwili kwenye vile vitano, azibe, kisha atazame vilivyobaki nje: vitatu. Kumi na tatu. Fanyeni hivyo na tisa na nne, saba na sita, mpaka aanze kuyaona matundu bila trei kuwepo. Vidole ataviacha mwenyewe. Trei ukikosa, nitumie ujumbe, ninayo kibarazani.