Msimlipe ofisa wa ruzuku kwa fedha za mradi mmoja

Usiupeleke waraka huo kwenye kikao cha wiki ijayo jinsi ulivyo. Umeandika kwamba chuo chenu, upande wa Kakamega, kimeingizwa katika ruzuku ya miaka mitano inayopitia chuo kikuu kimoja cha Marekani, fedha zikitoka Taasisi za Kitaifa za Afya za huko (NIH), na kwamba mnapanga kuajiri maafisa wawili wa usimamizi wa utafiti watakaolipwa na mradi huo, "halafu wasaidie miradi mingine ya chuo wakipata nafasi". Umeuliza pia mnunue programu gani ya kompyuta, mafunzo yapatikane wapi na ofisi iwe chini ya nani. Mimi nitaanza na hicho ulichokitaja kwa kupita tu, kwa kuwa ndicho kitakachowatoa jasho.

Kauli hiyo ya kusaidia wakipata nafasi niliisikia neno kwa neno katika chuo kimoja cha upande huu wa ziwa, kutoka kwa mshauri elekezi aliyeletwa kutoka Nairobi, akalazwa hoteli ya Milimani kwa gharama zetu, kisha akatuonyesha slaidi nzuri zenye mishale mingi na kutuhakikishia kwamba mpango wake hautakigharimu chuo hata shilingi moja. Wajumbe wa kamati tulipiga makofi, mimi nikiwa miongoni mwa waliopiga kwa nguvu zaidi, maana chuo cha umma chenye malimbikizo ya mishahara hakijui kukataa kitu cha bure. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukaa meza moja na mkaguzi wa hesabu za mfadhili. Baadaye tulitambua kwamba hakuwahi.

Tukamwajiri mhasibu hodari, dada aliyekuwa amefanya kazi na mashirika kadhaa mjini Kisumu, mshahara wake ukatoka kwenye mradi mmoja wa afya. Kwa kuwa alikuwa mtu pekee chuoni aliyejua tofauti ya bajeti na matumaini, kila mtafiti alimkimbilia. Huyu alitaka amsaidie kuomba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, yule alitaka amsukumie maombi kwenye kamati ya maadili, na mwingine alimletea bajeti ya mradi wa samaki saa kumi na moja jioni, siku ya mwisho ya kuwasilisha. Alifanya yote, na tulimsifu kwa yote.

Mkaguzi alipokuja hakumsifu. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu ruzuku zinataka mshahara unaotozwa mradi ulingane na kazi iliyofanywa kwa ajili ya mradi huo, na kumbukumbu za muda ziwepo za kuthibitisha. Tena, mishahara ya kazi za utawala kwa kawaida huhesabiwa kuwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani za uendeshaji wa jumla wa chuo, isipokuwa kama kazi hiyo ni sehemu halisi ya mradi na inaweza kutambuliwa waziwazi kuwa ya mradi huo. Kumbukumbu zetu za muda zilisema kwamba dada huyu alitumia muda wake wote kwenye mradi wa afya, ilhali barua pepe zake zilikuwa zimejaa samaki. Sehemu kubwa ya mshahara wake ikakataliwa, chuo kikatakiwa kuirudisha, na fedha zenyewe zilikuwa zimekwishatumika zamani. Zilitafutwa kwenye mfuko mkuu wa chuo, yaani mle mle ambamo tulikuwa tumeambiwa hakutatoka shilingi. Mtu pekee aliyelipwa kwa wakati katika mkasa huo wote ni yule mshauri.

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Mradi ulipokaribia kwisha, mkataba wa dada huyo nao ulikuwa unakwisha, hivyo akapata kazi kwingine kabla ya siku ya mwisho, na sidhani kama kuna mwenye akili atakayemlaumu. Anayepokea ruzuku kupitia chuo kingine, kama ninyi, anatakiwa kukamilisha ripoti zake za mwisho ndani ya siku 90 baada ya kipindi cha mradi kwisha, ili mpokeaji mkuu aweze kumaliza zake ndani ya siku 120. Kazi hiyo huangukia kipindi ambacho bajeti ya mshahara wa anayeifanya imekwisha. Juu ya hayo, usajili wa chuo katika SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili wanaotaka fedha zake, ambao hulazimu kuhuishwa kila mwaka kwa anayetaka kupokea ruzuku moja kwa moja kutoka serikali ya Marekani, ulikuwa umefunguliwa kwa jina lake, na namba za siri za kuingilia zilikuwa zikitumwa kwenye simu yake. Kumweka msimamizi mpya kulihitaji barua iliyothibitishwa kisheria na kusubiri kwingi, huku ruzuku nyingine ikiwa mlangoni. Ofisa wa namna hiyo ni kama mlinzi wa ploti anayelipwa na mpangaji wa chumba kimoja: siku mpangaji huyo akihama, lango hubaki wazi kwa wote.

Kama unadhani hayo yalitupata kwa uzembe wetu tu, kumbuka Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe upya. Huku magharibi mwa Kenya, watu waliolipwa na miradi walirudishwa nyumbani wakati ule ule ambao mfadhili alikuwa akidai hesabu, orodha za vifaa na barua za kufunga mikataba. Mradi unapokatizwa ghafla ndipo usimamizi unapohitajika zaidi, na mshahara wa mradi ndio unaokatika kwanza.

Kwa hiyo maafisa hao wawe waajiriwa wa chuo, katika nafasi zilizoidhinishwa na Baraza la Chuo, na mishahara yao itoke kwenye hesabu ya chuo. Najua mtu wa fedha atakuuliza zitoke wapi. NIH huwapa wapokeaji wa nje ya Marekani asilimia 8 kwa gharama zisizo za moja kwa moja. Kwa hiyo dola 200,000 za gharama za moja kwa moja zinazohesabika kwa mwaka huleta dola 16,000. Horizon Europe, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, hutoa asilimia 25. Shida ni kwamba fedha hizo zikifika huingia kwenye kapu la jumla na kugeuka dizeli ya jenereta, kwa hiyo daini sehemu ya ofisi hiyo kwa maandishi sasa, kabla ya dola ya kwanza kuingia. Mradi ukihitaji mratibu wake mwenyewe, muajirini, lakini asiguse faili la mradi mwingine hata kwa dakika moja.

Nafasi hizo ziwe na ngazi za kupanda. Vyuoni kwetu vigezo vya cheo vimeandikwa kwa ajili ya wahadhiri na machapisho yao, na ofisa wa ruzuku anabaki msaidizi wa utawala mpaka shirika fulani limwite. Mafunzo yapo, SARIMA, chama cha wasimamizi wa utafiti cha kusini mwa Afrika, imekuwa ikiyatoa kwa miaka mingi, lakini ukimfundisha mtu asiye na nafasi unalifundishia shirika hilo.

Futa basi ile aya ya maafisa kulipwa na mradi, uandike "waajiriwa wa chuo" badala yake, na uongeze kwamba kila akaunti ya mfadhili itakuwa na wasimamizi wawili wanaotumia barua pepe ya chuo. Wakikukatalia, omba sababu za kukataa ziandikwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na majina ya waliokataa, maana mkaguzi atakapouliza nani alishauri hivyo, mshauri wenu huenda naye akawa hapokei simu.