Umevuliwa uongozi wa kwaya: jinsi ya kujishusha kwa vitendo

Wiki hii ameniandikia dada mmoja wa hapa Malindi. Ameongoza kwaya ya kanisa lake miaka mingi, na sasa nafasi hiyo amepewa kijana ambaye dada huyu ndiye aliyemfundisha kuimba. Hakuna hata aliyemwita kumweleza sababu. Anauliza: nitanyenyekea vipi na moyo unaniuma hivi?

Dada yangu, pole sana. Kuumia si kiburi. Una haki ya kwenda kwa mchungaji wako ukamwambia kwa heshima kwamba ulistahili kuelezwa. Kiburi huingia pale unapoanza kungoja kijana yule aharibu.

Kwa hiyo anza na mazoezi. Fika kwa wakati, ukae kwenye safu ya sauti yako, si pale mbele karibu na kinanda ulipozoea. Kijana akianzisha wimbo juu mno na soprano wakaanza kukwaruza, wewe imba. Usigune, wala usimtupie jicho mwenzako, maana jicho lile kwaya nzima hulisoma. Watu wakitawanyika mfuate mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umwambie: "Ule wimbo wa pili jaribu kuushusha kidogo, soprano wanapata taabu." Basi. Asipolifuata, usilipeleke kwenye grupu la WhatsApp. Ukilirudia kila wiki litakuwa si ushauri tena, ni kumkumbusha nani alikuwa mwalimu.

Na kama ulishamsema vibaya, omba msamaha. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Taja kosa lenyewe kwa jina: "Jumapili nilikwambia hujui kuongoza, tena mbele ya watu." Usiseme "kama nimekukosea," kwani hapo unamfanya yeye athibitishe kwamba aliumia. Usitie "lakini", kinachofuata baada yake ni kujitetea. Ulimwaibisha hadharani? Sahihisha mbele ya watu walewale waliosikia. Kisha nyamaza umwache ajibu, hata akijibu kwa ukali. Usimdai akusamehe papo hapo. Waefeso 4:26 inakataza jua lichwe ungali na uchungu, kwa hiyo usingoje Jumapili nyingine.

Tafuta pia kazi isiyo na makofi. Kwenye matanga, wote wanataka kusoma salamu za rambirambi. Sufuria za pilau zenye ukoko hazina wa kuzigombania. Zioshe, na usipige picha. Mwaka 1542 mmisionari Mkatoliki Fransisko Ksaveri alipita hapa Malindi akielekea Bara Hindi, akamzika mmoja wa abiria wenzake. Alikuwa mjumbe wa Papa, na kabla ya safari alipewa mtumishi wa kumhudumia melini kwa sababu ya cheo chake. Akamkataa, akafua nguo zake mwenyewe na kuuguza wagonjwa. Cheo hakikumzuia kushika ndoo.

Jihadhari na unyenyekevu wa mdomoni. Ukisifiwa, "asante, Mungu ni mwema" inatosha. Anayesema "mimi si kitu" mara tatu anataka abishiwe. Vivyo hivyo na kiti cha nyuma ambacho Yesu anatuambia tukikalie katika Luka 14: ukikikalia huku macho yako kwa mashemasi, ukingoja uitwe mbele, hujakikalia bado.

Sadaka nayo ipime. M-Pesa hutaja jina lako. Ukitaka kutoa kwa siri, tumia bahasha isiyoandikwa kitu.

Usihame kwaya kwa hasira. Maliza nyimbo mlizokwisha kuanza kufanyia mazoezi, mwombee kijana huyo kwa jina lake kila usiku, kisha umwulize ana kazi gani ya kukupa. Akikwambia ukusanye vitabu baada ya ibada, vikusanye.