Kona za kujifunzia, watoto 46 na chumba kimoja: anza na mikeka

Waalaykum salaam, mwalimu wa Wete. Kwa ulivyoeleza, una watoto 46 wa maandalizi, wewe na msaidizi mmoja, chumba ni kimoja na jioni kinakuwa chuo cha Kurani. Ukifungua kona, yaani sehemu za darasa zenye vitu vya kuchezea na kujifunzia, kila moja na vyake, wote wanavamia ya jikoni na kilio kinaanza. Mimi pia nafundisha maandalizi huku kaskazini ya Pemba, na chumba chetu ni cha namna hiyo hiyo.

Meza na kabati achana nazo. Kwangu kona ni mkeka na kapu lake. Asubuhi tunatandika, mchana tunakunja, wenye chuo wakija wanakuta sakafu tupu.

Tabu yako hasa ni nafasi. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "msijazane" hakuelewi, lakini viatu vyake anavijua. Kando ya kila mkeka tumechora jozi sita za ndara sakafuni. Anayeingia anavua, anaweka ndara zake juu ya mchoro. Michoro ikijaa atafute kona nyengine. Siku hizi sina haja ya kusema, wanatoana wenyewe: "Huna pahala pa ndara, nenda kwengine!" Chaki ilikuwa ikifutika kila tukipiga deki, mzazi mmoja fundi wa mashua akatupa rangi iliyombakia.

Mikeka minne inachukua watoto 24. Waliobaki wakae barazani na msaidizi wako kwa hadithi na nyimbo, halafu mnabadilishana. Kuwaingiza wote 46 kwenye kona kwa pamoja usijaribu, hata ukipewa ukumbi.

Wala usifungue kona zote siku moja. Fungua moja, kaeni nayo wiki nzima mpaka wajue kila kitu kinachezewaje na kinarudi wapi, ndipo ulete ya pili. Nadhani kwako wanakimbilia jikoni kwa sababu ndiyo pekee wanayojua wafanye nini wakifika. Wavulana nao waache wapike. Bibi mmoja alikuja kulalamika, akamkuta mjukuu wake anakuna nazi ya uongo kwenye mbuzi tuliyoing'oa meno, akacheka akasahau alilojia.

Kona ninayoipenda kupita zote ni ya vipimo: beseni la mchanga mkavu na makopo ya kibaba, kisaga na pishi. Vibaba viwili vinajaza kisaga, visaga viwili vinajaza pishi, na mtoto anaiona hesabu kwa macho kabla hajaijua tarakimu. Msimu wa karafuu inageuka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, bila mimi kutia mkono. Mmoja anakuwa karani, mmoja mpimaji, na mchumaji hakosi kuteta: "Mimi pishi zangu tatu, umeandika mbili!" Wanamwaga, wanapima upya, karani anafuta. Ila karafuu zenyewe usiweke, wanazitia puani. Weka kombe za pwani kubwa kubwa.

Vitabu viwe mbali na vipande vya mbao vya kujengea, kelele zake unazijua.

Kabla ya kuingia, kila mtoto aseme anakwenda kona gani na atafanya nini. Wakitoka, wachache wasimulie walichofanya. Hilo si langu, ndivyo walivyofundisha watu wa Kituo cha Madrasa, mpango wa elimu ya watoto wadogo ulioingia Zanzibar mwaka 1990. Linapunguza mbio za mlangoni kuliko fimbo.

Wakiwa ndani, usizunguke kona zote kama askari. Chagua moja kwa siku, kaa mkekani na daftari, andika nani anahesabu, nani hasemi kabisa. Dakika tano kabla ya kumaliza gonga vifuu viwili, wajue muda unaisha. Kwenye kila kapu bandika picha za vilivyomo, asiyejua kusoma naye ajue cha kurudisha.

Wazazi watakwambia "wanacheza tu, hawasomi." Usibishane nao. Mwite mama mmoja asubuhi akae kona ya vipimo, yeye ndiye atakayekwenda kuwaeleza wenzake.

Na kuhusu pesa, makapu na mikeka ilitoka majumbani, vifuu tumeviokota, mbao ni mabaki ya seremala. Nilichonunua ni kufuli la sanduku la vitabu, maana wa chuo nao ni watoto.