Foto ya nkambo na Tshombe: ni ya kweli ao ni montaje?

SWALI: Jambo sana wahariri. Baba mdogo ametuma kwenye grupe ya WhatsApp ya familia foto ya nkambo wetu amesimama pembeni ya Moïse Tshombe, yule rais wa Katanga iliyojitenga, anasema ni ya 1961, hapa hapa kwetu Lubumbashi, wakati ingali Élisabethville. Nkambo alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, na alikufa zamani, hatukusikia hata siku moja kama alijuana na Tshombe. Wadogo zangu wanasema ni montaje, baba mdogo amekasirika hataki tena kutusalimia. Mimi nimeikuza kwenye telefone, naona uso wa nkambo uko laini sana kuliko shati yake. Nifanye nini? – Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu wa Katuba, hiyo ya uso na shati umeona vizuri sana. Foto ya filamu iko na chembechembe ndogo zinaenea pote, kwenye uso, kwenye ukuta, mpaka mbinguni, kwa hiyo uso ukiwa laini peke yake kuna kitu kimeguswa. Lakini tafadhali musimuite mzee muongo bado, juu siku hizi zile programu za kusafisha foto za zamani hazifuti tu mikwaruzo, zinachora uso upya, zinabuni nyusi na meno, nguo zinaziacha vile vile. Sasa angalia uso wa Tshombe, kama nao uko laini hivyo, inawezekana kabisa mtu alipitisha foto nzima kwenye programu ya namna hiyo bila nia mbaya.

Kama ni nkambo tu, hapo fuata mwanga. Kivuli cha pua na cha chini ya kidevu viende upande mmoja kwa wote wawili, na vivuli vya miguu pia. Pita polepole kwenye kola na masikio, mahali uso unashikana na mwili, mara nyingi utakuta kamstari keupe ao ukungu. Na ukutani, doa moja likijirudia mara mbili sawasawa, mtu alinakili kipande afunike kitu.

Programu za intaneti zinazosema „hii ni feki" mimi siziamini kwa foto ya WhatsApp, kwa sababu WhatsApp inaibana foto tena na kuondoa habari za kamera, na hata zingebaki, tarehe ingekuwa ya siku ilipopitishwa kwenye skana, si ya 1961.

Kinachoweza kumaliza ugomvi ni karatasi yenyewe. Muombe baba mdogo kwa heshima aionyeshe, ao aseme nani anayo. Igeuze nyuma utafute muhuri wa studio na mwandiko, kisha iinamishe dirishani, penseli, wino na kipande kilichobandikwa vinang'aa tofauti. Fanya hivyo hata kama karatasi ni ya zamani kweli: Yezhov, aliyekuwa mkuu wa polisi ya siri ya Stalin, alifutwa kwenye foto aliyopigwa pamoja na Stalin kando ya mfereji wa Moscow, baada ya kuuawa 1940, na Photoshop, programu ya kubadilisha foto, imetoka 1990 tu. Soma pia vibao vya nyuma yao, kikitaja Lubumbashi kama jina la mji basi 1961 ni ya kutilia shaka sana, jina hilo mji ulipewa 1966.

Ukiipata, ipitishe kwenye skana pande zote mbili, na kwenye grupe itume kama dokima, si kama foto, isibanwe tena.